Shimo Lisilomeza Mwezi

Bu Warsiti alikuwa na miaka sita mwezi ulipoliwa. Ndivyo walivyosema watu wa Klaten, kisiwani Java: jitu Batara Kala limeumeza. Mama yake alipiga kinu kitupu kwa mchi mpaka jitu likautema. Baadaye Warsiti alisoma chuo, akarudi kufundisha fizikia kwa miaka thelathini na moja, akiitwa Bu, yaani Mama, na kila mwaka aliwaambia wanafunzi kwamba Dunia ikibanwa hadi iwe shimo jeusi, itaufyonza mwezi. Kichwani mwake shimo lile lilikuwa na mdomo. Hakuwahi kujiuliza aliupata wapi.

Wiki tatu kabla ya kustaafu alikwenda kwenye semina ya walimu. Mkufunzi, Pak Gunarso, yaani Bwana Gunarso, kijana mwenye miwani, aliionyesha Dunia kwenye skrini, akaibana pamoja na kila kilichomo mpaka ikawa shimo jeusi dogo kama gololi.

Mwezi ukaendelea kuzunguka.

"Mashine yako imeganda, Pak," alisema Bu Warsiti.

"Haijaganda, Bu. Tumeganda sisi." Ukumbi ukacheka. "Mwezi haujali Dunia ni nene au nyembamba. Unavutwa kwa kiasi cha maada na umbali, na hivyo viwili havijabadilika. Hatari ni kwa anayesogea karibu kabisa. Ndani ya sentimita tatu hivi kutoka katikati yake hakuna njia ya kuzunguka inayodumu. Ndani ya sentimita moja, hata mwanga haurudi."

Bu Warsiti hakucheka. Miaka kumi na miwili nyuma, msichana aitwaye Rumini aliulizwa swali hilohilo kwenye mtihani, akaandika: "Mwezi hautajua kitu." Bu Warsiti alimpa sifuri, kisha akalisoma jibu hilo mbele ya darasa kama kichekesho. Muhula uliofuata Rumini aliacha mkondo wa sayansi. Sasa alikuwa fundi cherehani nyuma ya soko, na ndiye aliyekuwa akimshonea mwalimu wake kebaya, blauzi rasmi ya Kijava, ya siku ya kuagwa.

Alikwenda huko moja kwa moja, kitambulisho cha semina bado kikining'inia shingoni.

"Bu, umekonda au umeona mzuka?" Rumini alimzungushia futi kiunoni.

"Jibu lako lilikuwa sahihi. Lile la mwezi."

Futi ikatulia. "Najua, Bu."

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Nilipiga hesabu mara tatu."

"Mbona hukusema?"

Rumini alichomeka pini kwenye kitambaa. "Nimsahihishe mwalimu? Mbele za watu? Mama angenifukuza nyumbani."

Bu Warsiti alikivua kitambulisho shingoni. Kosa lake alikuwa amejiandaa kulibeba. Njia nzima alikuwa akijiandaa. Lakini kwamba binti huyu alijua, akainama, akanyamaza, na kila Idi akampima mabega kwa adabu, hilo hakuwa na mahali pa kuliweka. Na wangapi wengine waliinama?

"Siku ya kuagwa nitalisema kosa langu mbele ya shule nzima," alisema. "Na jina lako nitalitaja."

"Watakucheka, Bu."

"Na wacheke."

Rumini alitazama mikono ya kebaya. "Utachora ubaoni?"

"Nitachora."

"Basi kwapani niongeze nafasi, isije ikachanika. Inua mkono."

Bu Warsiti akauinua. Aliunyoosha juu kama aliyeshika chaki, na Rumini akapima.