Mstari Uliokatwa Katika Wimbo wa Bibi Klementina

Waliohudhuria ni wanne: Mwalimu Kunegunda Ngonyani, mkufunzi wa fasihi katika chuo binafsi cha ualimu mjini Songea, Oliva Mbawala wa Namtumbo, Daimu Rashidi wa Nalasi, Tunduru, na Valence Komba wa Hanga. Hao watatu wa mwisho ni viongozi wa makundi ya mwaka wa pili.

Ni saa tatu asubuhi, Jumamosi ya Juni, na baridi ya Songea haijaondoka darasani. Mwalimu Kunegunda anafuta ubao, kisha anaufuta tena ingawa umekwisha kuwa safi. Mezani kwake kuna rundo la insha sitini na mbili, zimepangwa ukingo juu ya ukingo. Zote amezisahihisha. Keshokutwa alama zinatakiwa ofisini.

“Jumatatu ni Jumatatu,” anasema akivuta ncha za kitenge mabegani. “Mwaka jana mwenzetu alichelewesha alama. Mkataba wake ulipokwisha, hakuna aliyemwita.”

Neno hilo si dogo kwake. Tangu astaafu ualimu wa sekondari miaka minne iliyopita, anaishi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, mshahara wa shilingi laki nne na nusu kwa mwezi. Kwa fedha hiyo analipa kodi ya vyumba viwili mtaani Mfaranyaki na kumtunza mumewe, ambaye kiharusi kimemweka kitandani. Mkataba wa sasa unakwisha mwezi ujao.

Leo amewaita viongozi hawa wasikilize insha iliyoongoza, ili wakawaeleze wenzao sababu ya kuongoza kwake. Ndiyo desturi yake. Kazi ilikuwa moja kwa wote: kila mwanachuo akusanye wimbo wa nyumbani kwao, autafsiri kwa Kiswahili, kisha auhakiki.

“Insha ya uhakiki si kikapu cha dhamira,” huwaambia kila mwaka. “Nataka dai moja, ambalo mtu mwenye akili zake anaweza kulikataa. Halafu unishike mkono, unipitishe kwenye maneno ya wimbo wenyewe, mpaka nikubali. Na likiwapo neno linalokupinga, usilifiche chini ya mkeka. Liweke mezani tulione.”

Oliva anasimama na kusoma. Wimbo ni wa bibi yake, Klementina, aliyeuimba kwa Kingoni akitunga majani ya tumbaku kwenye fito kabla ya kuyaingiza katika bani la kukaushia. Kwa Kiswahili cha Oliva una mistari minne: *Jani nimechuma. Jani nimetunga. Moto nimewasha. Jivu nimezoa.*

Dai lake ni kwamba wimbo unasifu bidii ya mwanamke mkulima. Hoja zinafuatana kama fito za bani, kila moja imeegemea mstari wake. Amepata themanini na mbili.

Daimu anakuna kidevu. “Sasa Oliva, mbona siku ile ulipotuimbia kule kantini ulikuwa unalialia? Au Wangoni mkisifiwa ndiyo mnalia?”

“Na nyie Wayao mkichokoza ndiyo mnaita kuuliza swali?” Oliva anamjibu, na Valence anacheka mpaka anakohoa.

“Si uchokozi, dada yangu. Kwenye karatasi bibi anachapa kazi. Kule kantini bibi alikuwa na majonzi. Mimi nimsadiki yupi?”

“Hebu uimbe,” Mwalimu Kunegunda anasema. “Kama alivyouimba yeye.”

Oliva anainamisha macho, anaimba kwa Kingoni, taratibu. Baada ya mstari wa kwanza yanakuja maneno ambayo hayakuwamo katika insha. Baada ya wa pili yanakuja tena. Mwalimu, ambaye Kingoni amekinyonya pamoja na maziwa, anaweka chaki chini.

*Mlango sijafunga.*

Hivyo ndivyo maneno hayo yanavyosema, na Bibi Klementina aliyarudia baada ya kila kazi. Jani nimechuma, mlango sijafunga. Jivu nimezoa, mlango sijafunga.

“Mbona huo mstari haumo?”

“Ulituambia tusiandike marudio, Madamu.”

Hakuna anayecheka. Ni kweli aliwaambia. Kuchapa ukurasa mmoja kwenye maduka ya Mfaranyaki ni shilingi mia tano, na wengi wa wanachuo wake ni watoto wa wakulima wanaosubiri msimu. Aliwaonea huruma. Aliwaagiza waandike kila mstari mara moja tu, wimbo ukae vizuri katika nusu ukurasa. Nyimbo sitini na mbili zikanyolewa hivyo, na yeye akazisahihisha kwa kalamu nyekundu akifurahia unadhifu wake.

“Alikuwa anamngoja nani?” anauliza kwa sauti ndogo.

“Sijui, Madamu. Sikumuuliza. Nilikuwa na haraka ya kupata dhamira.” Oliva anakunja karatasi, anaikunjua. “Nilimrekodi, lakini memori ya simu ilijaa. Nilipomaliza kuandika, nikafuta. Tumemzika Aprili.”

Mwalimu Kunegunda anaketi. Baadaye, akizungumza na mwandishi wa habari hizi, atasema kwamba katika dakika ile hakuwaza mkataba. Alimwaza mwanamke aliyekaa mbele ya moto akisema jambo lile lile mara nne, na watu wawili waliosoma, yeye na Oliva, wakamwona anajaza nafasi.

“Ningemkata alama mwanafunzi aliyeficha ushahidi,” anasema. “Mimi niliwaamuru wauache nyumbani. Insha ile imejengwa vizuri sana, lakini imejengwa kwenye kiwanja cha mtu mwingine.”

Valence anajaribu kumwokoa. “Madamu, si tupeleke tu? Ofisini wanataka namba. Hakuna atakayeuimba.”

“Ni kweli,” Mwalimu anamjibu. “Hakuna.”

Nje, bodaboda inapita ikipiga honi. Daimu, aliyeuanzisha moto huu, anatazama viatu vyake.

“Samahani, Madamu. Mkataba wako...”

“Mkataba ni wangu, baba. Niachie.” Anasimama, ananyoosha kitenge. “Sikilizeni, mkawaambie wenzenu. Jumatatu sipeleki alama. Nitakwenda ofisini mikono mitupu, niseme kosa limo katika maelekezo yangu, niombe wiki mbili. Wakinipa au wasiponipa, alama hizi nimezifuta. Wenye wazee walio hai warudi wakawasikilize tena, waandike kila kilichoimbwa, hata kikirudiwa mara kumi. Na wamuulize mwimbaji kabla ya kumsemea.”

“Na mimi?” Oliva anauliza. Macho yake yamejaa. “Mimi nirudi kwa nani?”

“Wewe utaandika ulichokisikia, mwanangu, mstari ule ukiwa mahali pake. Utadai unachoweza kukithibitisha. Ukifika pale usipojua, uandike kwamba hujui na kwamba hukuuliza. Sitakukata alama kwa hilo.”