Sidii ya Harusi Yetu

Ajali ilimuua mume wangu, mimi nikapona. Sauti yake ilibaki kwenye sidii ya harusi tu, na hiyo shemeji yangu aliitundika shambani Madibira ifukuze ndege kwenye mpunga. Simfichi, ni yeye, mdogo wa marehemu.

Nikaipeleka Igawa ihamishiwe kwenye kompyuta. Fundi aliisugua kwa dawa ya mswaki, akajaribu mashine mbili. Zote ziligoma palepale, mume wangu akipokea maiki.

“Mama, mlikuwa mnaianika?”

“Muulize shemeji.”

Kilichoingia ni mwanzo, shemeji akicheza ndani ya suti ya kuazima. Mwanangu alikaa akisubiri kumsikia baba yake. Picha ilipokatika akasema, “Kumbe baba mdogo anajua kucheza.”