Diski Iliyopanuka kwa Nje

Seva inayotunza mafaili ya ofisi yetu hapa Dodoma ilijaa, nikajitia kimbelembele kuipanua. Ni kompyuta pepe, huwezi hata kuigusa, kazi ni kubofya tu. Nikaikuza diski yake maradufu, nikaagiza chai, nikamtangazia bosi kwamba sasa kuna nafasi ya kulisha ng'ombe.

Chai haijapoa, wenzangu wakaanza kulalamika: mafaili hayaingii, diski imejaa. Nikalaani mtandao, nikalaani umeme, nikawalaani na wao kwa video zao za harusi. Kumbe nilikuwa nimeikuza diski kwa nje tu. Mashine yenyewe kwa ndani sikuiambia kwamba mpaka umesogea, ikaendelea kujibana palepale pa zamani.

Jioni nikamsimulia mke wangu, nikitegemea huruma. Yeye akatazama dirishani. Mwaka jana tulinunua kipande cha kiwanja cha jirani ili kuongeza uwanja wetu, na kusogeza uzio wa miiba nilisema niachiwe mimi. Uzio ulikuwa palepale. Ng'ambo yake, kwenye ardhi yetu, mbuzi wa jirani walikuwa wanakula bila wasiwasi.

"Pole, mtaalamu," akasema.