Mkaguzi Alipoikuta Nyumba Haina Watoto

Wallahi, sijawahi kukasirika kama siku ile, na nimezaliwa Nyamirambo, hapa Kigali, mahali ambapo sababu za kukasirika hazikosi.

Nilikuwa nikilea nyumbani kwangu watoto wa mafundi cherehani. Mama zao wanashona kutwa, na kibaraza cha fundi si mahali pa mtoto: mkasi huku, pasi ya mkaa kule, pikipiki zinapita mlangoni. Basi wananiletea asubuhi, nawapa uji, wanacheza, wanalala. Siku moja kiongozi wa mtaa akaja kuniambia kwamba siku hizi kulea watoto wa watu kunataka mafunzo na leseni, la sivyo nitafungiwa.

Nikaenda kwenye mafunzo. Kabuga! Mji wote huu, wakaona Kabuga ndiko pa kutufundishia, nami natoka upande wa pili kabisa, nabadilisha basi, nafika nimechoka kabla ya somo kuanza. Mwalimu akatuonyesha picha za nyumba za matajiri wa Nyarutarama, bustani kama zulia, kila mtoto na kitanda chake. Nikamuuliza, "Na sisi wenye kiuanja cha saruji, je?" Akacheka, akaendelea na picha zake. Lakini simnyimi haki yake: alitufundisha kumsaidia mtoto aliyepaliwa, na hilo nililishika. Nikarudi, nikaziba soketi, nikaweka kigeti jikoni, nikajengesha choo cha watoto. Kilichobaki ni mkaguzi aje aone ninavyofanya kazi. Asiporidhika, watoto wanarudi vibarazani.

Ikapigwa simu: kesho asubuhi, nimpokee ofisi ya mtaa nimlete mwenyewe. Nikamwachia dada yangu mkubwa watoto, nikamwambia, "Dada, mgeni anakuja, kila kitu kiwe sawa." Ni hayo tu niliyosema.

Sasa, kwetu mgeni wa heshima akija, watoto hawaonekani. Wanapelekwa kwa jirani mpaka mgeni aondoke. Ndivyo tulivyolelewa, ndivyo dada anavyojua, na mafundi wote, Mungu awahurumie, wakakimbilia kumsaidia, kila mmoja akamchukua wake.

Tukafika, mimi na mkaguzi. Udi unanukia hadi barabarani. Mkeka mpya, vikombe vya wageni vimetolewa kabatini, sambusa zimejaa sinia. Dada kavaa dera lake la Idi, anatabasamu mpaka jino la mwisho. Mtoto, hata wa dawa hayupo.

"Mama, watoto iko wapi?" mkaguzi akaniuliza.

Dada akaniwahi. "Usiwe na wasiwasi, bwana mkubwa! Tumewaondoa wote. Hatakusumbua hata mmoja."

Tobaa! Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mimi mwenyeji nilikaribia kuzimia. Nilimtazama dada, naye akanikonyeza kama mtu aliyeniokoa.

Mkaguzi akaketi. Akala sambusa, akasifu chai. Kisha akasema kwa upole, ule upole unaotia hasira kuliko matusi, "Mama, hapa naona nyumba. Kazi siioni." Na huo moshi wa udi, akasema, si mzuri kwa watoto. Watoto gani! Nikamwambia wako jirani hapo, anipe muda kidogo niwakusanye. Hakuwa na muda, pikipiki ilikuwa inamngoja. Atarudi zamu yangu ikifika tena. Lini? Hajui. Na mpaka hapo nisipokee mtoto yeyote.

Sambusa zetu alikuwa na muda nazo!

Nikamshika mkono. Mwanamume wa watu, barabarani, mchana kweupe, mimi na mtandio wangu. Nikamvuta hadi kibaraza cha fundi wa karibu. Pale alikuwapo mdogo wao kuliko wote, aliyeanza kutembea juzijuzi. Mama yake alikuwa amemfunga kiunoni kwa kitambaa cha kitenge, ncha ya pili kwenye mguu wa cherehani, asifike barabarani. Mtoto analia, anavuta kitambaa kuelekea kwenye pasi ya mkaa.

Mama mtu akasimama, aibu tupu. "Ni leo tu, jamani. Kwa ajili ya mgeni."

"Ulikuwa unatafuta watoto," nikamwambia mkaguzi. "Huyu hapa. Wengine wako hivi hivi, fundi kwa fundi. Haya, kagua!"

Akamtazama mtoto, akatazama pasi. Niliona imemgusa, naapa. Halafu akasema, "Hii ni mambo ya mama yake. Mimi nakagua nyumba iliyoomba leseni."

Ya Rabi! Yaani sheria imewekwa kwa ajili ya mtoto, na mtoto mwenyewe yupo mbele yake amefungwa kama mbuzi, na si kazi yake! Nikainama, nikamfungua, nikamweka mgongoni, nikajifunga kanga.

"Mama, ukimchukua bila leseni ni kosa."

"Najua. Niandikie."

Nilikuwa naogopa, sitasema uongo. Nyumba ile ndiyo riziki yangu. Akatoa kalamu, akaniuliza jina langu, kama vile hakulijua tangu ofisini. Nikamtajia langu na la baba yangu, polepole, asije akakosea. Mtoto alikuwa amenyamaza mgongoni.

Kisha nikaanza fundi kwa fundi, nikiwakusanya waliobaki.