Sponji ya Justa

Justa Chenge hakuwa mtu wa kupendwa, na hilo halikumnyima usingizi. Alikuwa fundi wa kushona siti za magari Buhongwa, kando ya barabara ya Shinyanga, na wateja walimvumilia kwa sababu siti iliyopita mikononi mwake haikufumuka. Salamu ndiyo ilikuwa dini yake. Kijana akiingia kibandani bila kumwamkia, gari lake lilikaa pale bila kuguswa, na Justa hakujisumbua kueleza sababu. Mwenye akili alirudi mlangoni akaanza upya.

Hellen, mdogo wake, aliyajua hayo kuliko mtu yeyote, maana mama yao alipofariki, Justa ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni, akamsomesha kwa sindano na uzi, akamwoza. Ndoa ilipomshinda huko Geita, Hellen alirudi kwa dada yake Butimba na mabegi yake. Justa alikuwa na chumba kimoja tu, hivyo akampa gari la kulala lililoegeshwa uani.

Gari hilo lilikuwa la Mzungu mmoja aliyezunguka nalo nchi nyingi mpaka injini ikamfia Buhongwa, naye akamwachia Justa karibu na bure. Ndani lilikuwa na kitanda, jiko na friji ya gesi, vyote vimejengewa kwenye makabati ya mbao. Kabla ya kuondoka, Mzungu alimpeleka Justa ubavuni mwa gari akamwonyesha matundu mawili. Friji hii ina moto ndani, alimwambia, na hewa chafu ya moto huo inatokea hapa. Ukiyaziba haya, ile hewa inamrudia aliyelala. Upepo ukikusumbua, ziba kwa ndani, ule mwanya ulio kati ya friji na kabati. Kwa nje usiguse. Justa alielewa mara moja. Hellen alipohamia, alipanga kuuziba ule mwanya kwa raba ya milango ya gari na kumweleza habari ya matundu, lakini ugomvi ukatangulia.

Ugomvi ulianzia kwenye benchi. Hellen alikuwa ameanza kuuza juisi ya baridi karibu na chuo cha ualimu, akaenda kibandani kuomba benchi la wateja wake. Justa akamnyima, kwa kuwa siku hiyo aliamka vibaya. Hellen akageuka mbele ya watu na kusema, "Siti zote hizi unazoshona, dada, na huna hata mtoto mmoja wa kuikalia mojawapo." Mafundi wa jirani walicheka. Kesho yake asubuhi Hellen alipita uani na ndoo yake, akamwona dada yake, asimwamkie. Justa akaapa kwamba neno halitamtoka mpaka yule mtoto aje kwa heshima zake. Alimaanisha.

Mvua zikaanza. Upepo wa ziwani uliingia kwenye yale matundu, ukapenya mwanya wa friji na kumpiga Hellen kitandani. Ukaja pia na wale wadudu wadogo wa ziwa wanaopanda angani kama moshi, na watu wa kule ufukweni wakiwaona huwa na kazi moja tu, kuziba. Kila tundu la nyumba hupata tambara, na hakuna anayeuliza tundu lilikuwa la nini. Hellen naye akafanya walivyofanya wote. Alichukua vipande vya sponji kwenye gunia la Justa akavishindilia kwenye matundu yote mawili kwa nje.

Justa alivikuta asubuhi akavichomoa. Hellen akavirudisha. Justa akavichomoa tena. Hellen alimlalamikia Sada, jirani yao muuza maandazi, kwamba dada yake anamwonea choyo hata cha masalia ya sponji, anataka upepo umfukuze. Sada akaja kuuliza kulikoni. Hapo Justa angeweza kusema maneno mawili na mambo yakaisha. Badala yake alijibu kwamba Hellen mdomo anao, aje aulize mwenyewe, na akija aanze na salamu.

Sada alipeleka ujumbe. Hellen akajibu kwa sauti, makusudi, ili isikike mpaka dirishani kwa Justa, kwamba hawezi kumwamkia mwanamke anayelinda sponji kama wenzake wanavyolinda watoto.

Justa alilisikia kila neno. Uchungu ulimpanda, na tangu siku hiyo akaacha kuchomoa. Alipita karibu na yale matundu akiyaona yamejaa, akaenda zake kazini. Sada alipomwambia kwamba Hellen anaamka na kichwa kinachomgonga, na kwamba amenunua dawa ya malaria, Justa alijua kabisa si malaria. Akasema pole yake, akaendelea kukata leza, ngozi bandia ya siti.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa mlango wa gari haukufunguka. Ndoo ya juisi ilikuwa bado nje. Justa alikunywa chai yake yote akiitazama ile ndoo, kisha akaweka kikombe chini na kukimbia. Mlango aliung'oa kwa nondo. Hellen alikuwa sakafuni, matapishi yamemjaa shingoni. Justa alimshika makwapani akamburuta mpaka kwenye majani yenye maji, akaenda kuvichomoa vile vipande kwa kucha, akarudi kumpiga mgongoni huku akimwita jina. Sada, aliyekuja aliposikia kelele, alikimbilia barabarani kutafuta bajaji.

Hellen alikohoa, akatapika tena, akafumbua macho. Aliitazama ile sponji iliyotupwa kando, imeungua rangi upande mmoja. Akakumbuka ni nani aliyekuwa akiichomoa asubuhi.

"Ulijua?" aliuliza.

Justa angeweza kusema hapana. Nani angembishia?

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Ukaniacha nilale mle."

"Hukuniamkia," Justa alisema, na lilipokwisha kumtoka akalisikia lilivyo. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua, akatamani Sada arudi upesi, au asirudi kabisa.

Hellen alijikokota akainuka kwa kiwiko. Alipiga goti moja kwenye matope, kama alivyofundishwa na huyu huyu akiwa mdogo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

Bajaji ilikuwa inaingia uani. Justa alifungua mdomo. Neno alilolidai msimu mzima wa mvua lilikuwa limefika, na jibu lake ni jepesi, hata mtoto analijua, lakini halikutoka.

"Nimekuamkia," Hellen alisema. "Itikia."