Kuanguka kwa Buseka, Mji wa Juu ya Kichuguu

Upumbavu wangu wa kwanza ulikuwa kuichukua ngoma ya shule siku ya Jumamosi na kuipiga juu ya kichuguu cha mama. Mtu wa mbali atauliza, ngoma na kichuguu vina ugomvi gani? Basi ajue kwamba kwetu Kharumwa hata mtoto anayenyonya anafahamu: kumbikumbi hutoka wakisikia mvua, na mvua, kwa masikio ya kumbikumbi, haipishani sana na ngoma. Akina mama wanapotaka kuwatoa mapema hunyunyiza maji kidogo, wakagonga ardhi kwa vijiti, ndu ndu ndu, na wadudu wa watu wakadhani mbingu imefunguka. Mimi nami nilifahamu. Nilisahau kwa sababu siku hiyo nilikuwa natawazwa, na mtu anayetawazwa hakumbuki mambo ya wadudu.

Kichuguu chenyewe kiko nyuma ya zizi letu, kipana kama nyumba, kimo chake kinanifika kifuani. Kilikuwa cha shangazi, dada yake baba, tangu alipokuwa msichana. Alipoolewa Nkome, huko ziwani wanakoanika dagaa, hakuweza kukibeba kichwani, akamwachia mama akitunze kwa sharti moja: kila mwaka apate kapu la kumbikumbi waliokaushwa. Naye hulirudisha kapu lilelile limejaa dagaa. Sasa mwaka uliotangulia mvua ilikuja inachechemea, kumbikumbi wakatoka kiganja tu, na kapu halikwenda. Mama mkubwa, mke wa kaka yake baba, ambaye ua wake unatazamana na wetu, akatuma maneno Nkome kwa wachuuzi wa dagaa: kichuguu kimekosa mikono ya kukitunza. Shangazi akajibu kwa njia ileile. Mwaka huu atakuja mwenyewe, na asipokuta kapu, kichuguu kitahamia kwa mama mkubwa.

Kwa mama hilo halikuwa jambo la mboga. Mwanamke aliyeolewa akanyang'anywa kichuguu na wifi yake, watu kisimani wana neno la kusema mpaka wajukuu wake wazeeke. Akakifagia. Akakizungushia miiba. Akaandaa fito na mikeka ya kukifunika, akawa anatazama mawingu kama mtu anayemngoja mgeni wake stesheni. Kisha akanipa kazi mimi.

"Wewe, kazi yako mbuzi. Nikikuta mbuzi amepanda pale, na wewe usirudi kula."

Hakusema chochote juu ya miji.

Sasa nieleze Buseka ilivyokuwa, maana sasa hivi ukienda hutaiona. Kuseka kwa Kisukuma ni kucheka, na kucheka ndiyo kazi iliyotushinda kuiacha. Mtemi nilikuwa mimi. Mtoto wa mama mkubwa, rika langu, mwenye mashavu kama amebeba mayai ndani, alikuwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, tena hakimu, mkuu wa stesheni na mtunza hazina. Hazina yetu ilikuwa matobolwa, vile viazi vinavyochemshwa vikakaushwa, na kwa kuwa mwenzangu alizoea kuitunzia mdomoni, kila tulipoikagua tuliikuta imekonda. Raia alikuwa mmoja tu, mdogo wangu wa kike. Yeye ndiye aliyelipa kodi yote, yeye ndiye aliyeshtakiwa kwa makosa yote, na siku za sherehe yeye ndiye aliyekuwa umati.

Mji ulikuwa na vitu vya kumwonyesha mgeni. Stesheni ya gari moshi tuliijenga upande wa zizi, reli ya mabua ya mtama, na gari lenyewe ni kopo la majani ya chai. Lilichelewa mno, kwa sababu aliyelivuta alikuwa yule yule anayetafuna. Palikuwa na mlima wa dhahabu, mawe yanayong'aa tuliyoyaokota njiani wanakopita wazungu wenye nyundo kwenda Rwamgasa kutafuta dhahabu. Wazungu wenyewe waliyatupa, kwa hiyo serikali ilijua si dhahabu, lakini raia hakuambiwa. Kileleni palikuwa na ziwa, kigae kikubwa cha chungu kilichojaa maji, na ndani yake dagaa mmoja mkavu aliyekuwa akielea kwa ubavu na hakulalamika. Mahakama ilizungukwa na ng'ombe wa udongo wenye pembe ndefu kuliko miguu. Lakini jengo kubwa kupita yote lilikuwa jela. Tulichimba shimo chini kabisa ya kichuguu, refu la mkono mzima, tukalipaka tope kuta zake zikawa laini kama sahani. Tuliona serikali zote huanza na jela, mengine hufuata. Mfungwa alikuwa jongoo. Tulipomhoji alijikunja, na hakimu akaandika kwamba amekiri.

Tulikuwa na Bwana Shauri pia, yule mzungu mkuu wa wilaya, wetu wa udongo, kofia yake ganda la karanga. Alikuja kukagua kila siku. Tulimwambia mambo ni mazuri, yeye akasema vyema, akaondoka.

Nchi ingeendelea hivyo mpaka leo kama raia asingegoma. Asubuhi moja mwenzangu alinyoosha mkono wa kodi, na mdogo wangu akakaza ngumi juu ya tobolwa lake.

"Silipi."

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Mtemi hajapigiwa ngoma. Mtemi gani huyo, kama mchunga mbuzi tu."

"Mimi ni mchunga mbuzi."

"Basi mbuzi walipe."

Mtunza hazina akanivuta pembeni. Alikuwa na wasiwasi wa kweli, njaa ilikuwa imeanza kumpanda. "Ana haki," akaninong'oneza. "Hakuna mtemi asiye na ngoma. Na hazina imekwisha."

Wiki ile mpiga ngoma ya shule nilikuwa mimi, yaani ndiye niliyewaita wenzangu darasani asubuhi, na ngoma ilikuwa inalala kwetu isinyeshewe. Kwa hiyo Jumamosi, mama na mama mkubwa walipokwenda kulima shamba la jirani pamoja na kundi, nikaitoa. Manyunyu yalikuwa yamepita alfajiri, ardhi imelowa kidogo, jua limechomoza safi. Kwa maneno mengine, hali ya hewa ile ile wanayoipenda kumbikumbi, nami nikaiona nzuri kwa kutawazwa.

Nikavaa taji la nyasi lenye manyoya ya jogoo. Nikapanda kileleni. Mwenzangu akaliinua ziwa zima, na dagaa wake, akanimwagia kichwani, kama ilivyo desturi ya watemi wa Buseka, desturi tuliyoitunga tukinywa uji. Maji yakanishuka, yakaingia kichuguuni kwa kila tundu. Kisha nikaipiga ngoma. Sikuipiga kwa adabu ya shule, niliipiga kwa adabu ya mtemi, na mdogo wangu chini akawa umati, anacheza, anapiga vigelegele, anaanguka, anainuka.

Mwenzangu ndiye aliyemwona wa kwanza. Alitoka kwenye mlango wa mahakama, mwembamba, mbawa zinang'aa, akasimama kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

"Una mgeni," akaniambia.

Halafu wakatoka wawili chini ya stesheni. Halafu mlima wa dhahabu ukatikisika. Halafu sikuweza tena kusema wanatoka wapi, kwa sababu walitoka kila mahali, wakaniingia kwenye kaptula, wakanitoka kwenye kola, na hewa yote ikawa mbawa. Mimi nilikuwa nacheka. Naapa nilikuwa nacheka kwa furaha, nikidhani ndivyo nchi inavyompokea mtemi. Nikaacha kucheka nilipoona kuku wa mama mkubwa wanakuja mbio, shingo zimenyooka, na juu yao ndege. Hapo ndipo nilipoliona kapu la shangazi linaruka kwenda mbinguni.

"Vua," nikamwambia mwenzangu.

"Nivue nini?"

"Vyote. Mikeka mama ameifungia ndani. Tufunike matundu."

Alisimama akitafuna kumbikumbi, akifikiri. "Mama yangu anakitaka kichuguu hiki," akasema.

"Najua."

"Tukishindwa kitakuwa chetu."

"Najua. Na wewe ndiye utakayelinda mbuzi, asubuhi mpaka jioni, bila mji."

Akaishika kaptula yake. "Nifunike upande gani?"

Shati halikai juu ya stesheni, wala kaptula haifuniki mlima wa dhahabu. Ilibidi mji ulale. Nikaikanyaga mahakama. Nikaupiga teke mlima. Kofia ya Bwana Shauri ikapasuka chini ya kisigino changu kwa sauti ndogo ya karanga. Nchi nyingine huangushwa na adui aliyetoka ng'ambo. Yetu iliangushwa na mtemi mwenyewe, uchi kama alivyozaliwa, na aliimaliza kwa muda mfupi kuliko tuliotumia kujenga jela. Jela tu ndiyo iliyopona. Mdogo wangu alikuwa ameshika ufagio, anawasukumia humo kumbikumbi waliokuwa wakitembea baada ya kuangusha mbawa, na kwa kuwa kuta zilikuwa laini, aliyeingia hakutoka. Jongoo alizikwa chini ya wafungwa wapya. Sikupata nafasi ya kumpa pole.

Nilisahau kitu kingine. Ngoma ya shule ikilia, watoto wa shule huja. Walitokea kwenye mtama kutoka pande zote, wengine na kibao cha kuandikia mkononi, wakijiuliza Jumamosi imekuwaje. Walipoona hali, hakuna aliyeuliza tena. Niliwapigia kelele wakamate wasile, nao wakakamata, wakala, wakakamata. Nyuma yao akaja mwalimu, anafunga vifungo vya shati.

"Nani amepiga ngoma?"

"Mtemi," akajibu mdogo wangu bila kuinua kichwa.

"Mtemi yuko wapi?"

"Yule asiye na kaptula."

Mwalimu alikuwa na hamu ya kusema mengi, lakini kumbikumbi mmoja alimwingia shingoni, na alipomaliza kujipapasa mama alikuwa amefika. Alikuja mbio na jembe begani, na mama mkubwa nyuma yake. Walisikia ngoma wakadhani shule inaungua.

Mama alinitazama. Akamtazama mwenzangu aliyelalia kaptula yake. Akatazama kuku. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua njia ya kukimbilia. Lakini yeye alilitupa jembe chini, akavua shuka yake ya begani, akalifunika lile tundu kubwa la kileleni ambalo hatukuwa na nguo ya kulitosha, akapiga magoti juu ya pindo zake.

"Lete chungu," akaniambia.

Mama mkubwa alibaki amesimama. "Mwanangu," akamwita yule wa mashavu, taratibu, kama anamwita ng'ombe aliyeingia shamba la watu, "unafanya nini hapo?"

"Niko kazini serikalini, mama."

Tuliwakaanga jioni, tukawaanika, mama akawapepeta kwa ungo mpaka mbawa zote zikaenda na upepo. Kapu halikujaa mpaka juu. Lilifika chini ya ukingo, mahali ambapo mtu mwema anaweza kusema limejaa na mtu mbaya akasema bado. Mama alilitikisa kila siku akitumaini litapanda, nalo kila likitikiswa likashuka. Mwalimu alinicharaza na kuninyang'anya ngoma, na alifanya haki. Mvua kubwa tuliyoingoja haikuja. Vichuguu vya wenzetu vilinyamaza kimya, hata cha mama mkubwa cha kando ya kisima.

Shangazi alifika na vumbi la njia nzima miguuni. "Mwadila," akasalimu kutoka mbali. Mama akapiga goti, akamwamkia shikamoo, akamtolea kigoda na maji, na alipokwisha kunywa akaliweka kapu mbele yake. Mama mkubwa alikuja kumsalimu mgeni, akakaa, akalitazama lile kapu pale kwenye ukingo.

Shangazi akachota kiganja, akatafuna. Kikasikika kitu kikivunjika ambacho si kumbikumbi. Akakitoa ulimini, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hiki nini?"

Mama akasogea akakichungulia.

"Pembe," akasema mdogo wangu. "Ya ng'ombe wa mahakama."

Basi ikabidi nieleze yote, toka kodi mpaka kaptula. Nilieleza nikiwa nimesimama karibu na mlango. Shangazi alisikiliza akiwa ameshika ile pembe kwa vidole viwili.

"Kwa hiyo hawa wametoka bila mvua," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Na halijajaa," mama akasema mwenyewe, kabla mtu mwingine hajasema. "Wengine waliruka. Wengine waliliwa. Sikuficha hata mmoja, wifi."

Shangazi akamgeukia mama mkubwa. "Kwako wametoka wangapi?"

"Bado, wifi. Tunangoja mvua."

Shangazi akafunga mdomo wa kapu kwa kamba, fundo juu ya fundo. "Kichuguu kikae kilipo," akasema. "Mimi nitatafuna mchanga mpaka Nkome, hakuna neno."

Mama alimsindikiza mpaka njia kubwa. Mimi nilijificha nyuma ya zizi, kwa kuwa mwalimu alikuwa ameshanichapa lakini mama alikuwa hajanigusa, na mama huwa hasahau, hungoja tu wageni waondoke. Aliporudi alinikuta. Alipita mpaka kwenye kichuguu, akakikanyagakanyaga ambapo stesheni ilikuwa, akasawazisha kwa unyayo. Kisha akasema, hivi hivi kama ninavyoandika:

"Mwakani utapiga tena. Tafuta debe, ngoma ya watu iache. Na uniambie mapema, nikawaombe wenye kuku wawafunge."