Ndagala Zenye Dawa

Nilirudi mji wa Baraka kutoka Bukavu na licence, digrii ya gestion, yaani usimamizi wa biashara, na mwanafunzi mwenzangu akanifuata. Yeye pia ni mtoto wa Fizi, wa upande wa milimani, msemaji mzuri ambaye maprofesa walipenda kumsimamisha mbele ya darasa. Tulikodi depo, ghala dogo karibu na ziwa, tukaanza biashara ya ndagala, dagaa wa Ziwa Tanganyika. Mimi nilikuwa wa barabarani, nikinunua kwa wavuvi kuanzia Mboko hadi Makobola. Yeye alibaki depo, akikausha, akifunga magunia na kuyapeleka Bukavu.

Sokoni walianza kuniita Madame Licenciée, bibi mwenye digrii. Nilipenda.

Shida yetu ilikuwa wadudu. Wakati wa mvua ndagala hazikauki vizuri, na vidudu vyeusi vinaingia ndani ya gunia na kutafuna mpaka unabaki unga wenye vichwa. Mwenzangu akaniambia nisijisumbue, amepata njia. Kweli, magunia yakaanza kufika Bukavu mazima. Nilimsifu mbele ya watu.

Siku moja sikupata samaki Mboko, nikapanda pikipiki na kurudi mapema. Kabla sijafika mlangoni harufu ilinipiga puani: kali, yenye utamu wa ajabu, kama shamba la nyanya lililotoka kunyunyiziwa dawa. Ndani nilimkuta amejifunga kitambaa mdomoni, pompe ya shamba mgongoni, ananyunyizia ndagala zilizotandazwa juu ya turubai. Nzi walikuwa wamelala chali sakafuni, wengine bado wanatikisa miguu.

"We unafanya nini?"

Alishusha kitambaa bila kushtuka. "Gestion ya perte, kusimamia hasara. Si tulisoma pamoja?"

"Hii iko dawa ya mashamba. Batu banakula hizi ndagala."

"Banapika kwanza. Moto unamaliza yote." Akasukuma nzi kwa kiatu. "Na we ulifikiri magunia yanafika mazima kwa maombi?"

Aliongea kwa utulivu ule ule wa darasani, na huo ndio ulionichafua roho kuliko harufu. Tulifundishwa kuipa hasara jina, kuipima na kuipunguza. Hakuna aliyetuambia tuangalie hasara ikitoka kwetu inaingia wapi. Yeye alikuwa ameokota maneno safi ya shule akafunika nayo uchafu, na uchafu ukapungua kunuka.

Nilirudi nyumbani. Mama yangu alikuwa anakula bugali na sombe ya majani ya muhogo, na ndani ya sombe niliona ndagala.

"Umezitoa wapi?"

"Kwenu depo. Mwenzako iko muntu muzuri, alinifungia kidogo."

Nilibeba sufuria nikaimwaga nyuma ya nyumba. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Nilimweleza nilichokiona depo. Alichukua maji akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena mpaka ndoo ikaisha. Kuku walikimbilia ile sombe. Niliwafukuza nikaifukia kwa jembe.

Asubuhi nilimwambia mwenzangu tuachane. Alikubali haraka kuliko nilivyotegemea, akanionyesha fungu langu: magunia ya ndagala zenye dawa.

Niliyapeleka kwenye choo cha zamani kilichoachwa nyuma ya depo. Nilipofungua la kwanza, bamama wa jirani walisogea, pamoja na wakimbizi wa Burundi waliokuwa wakitoka shambani. Walifikiri ninagawa.

"Madame, hata kidogo tu," mmoja akasema, ameshatandika kitenge chini.

"Iko na sumu, mama."

"Tutaosha."

Niliinua gunia la kwanza. Nilimwaga magunia yote shimoni, kisha nikamimina juu yake mafuta machafu ya injini ili mtu asishuke kuchukua ndagala. Mama yule alikunja kitenge chake, akaniangalia kwa chuki ambayo hakuwa nayo kwa mwenzangu. Mbele yao, mimi ndiye niliyeharibu chakula.

Leo ninakausha samaki wa mikebuka kwa moshi, wachache, na ninawauza hapa hapa. Wakioza, hasara ni yangu. Mwenzangu ana boti ya injini na depo mbili. Juzi chuo kimoja cha hapa kilimwalika azungumze na wahitimu. Nilikuwepo kwa sababu ya binamu yangu aliyekuwa anapokea diploma. Mwenzangu alisimama na suti ya kijivu akasema kwamba gestion inafungua macho, kwamba mjasiriamali haogopi hasara. Ukumbi ulipiga makofi. Nilitoka nje nikatema mate.

Binamu yangu alinifuata na joho lake.

"Dada, si mulisoma pamoja? Uniombee kazi kwake."

Nilimweleza yote: pompe, nzi, sufuria ya mama. Alisikiliza vizuri, huku akikunja joho lake polepole lisije likachafuka.

"Lakini analipa vizuri?" akauliza.

Nilitafuta pikipiki ya kunirudisha nyumbani.